Mama Pindo na Kura ya Hasira

Jina la Mama Pindo hakupewa na wazazi wake, wala na marehemu mumewe. Alipewa na wasichana wa mtaa. Ukimpelekea kitambaa na kumwambia unataka gauni liishie magotini, alikuitikia vizuri, akakupima vizuri, na siku ya kulichukua ukalikuta limeteremka hadi karibu na vifundo vya miguu. Ukilalamika, alikutazama kwa huruma juu ya miwani yake na kukwambia kitambaa kilibaki, akaona dhambi kukitupa. Wasichana walinung'unika, mama zao walifurahi, na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine aliyejua kukalisha kola kama yeye, walirudi tena na tena. Walichojifunza ni kununua kitambaa pungufu.

Mambo yake yote yalikuwa hivyo. Aliamini mtoto asalimie wakubwa kabla hajakumbushwa, mwanamume aingie ofisini na shati lililochomekwa, na mtu aliyezaliwa ndani ya chama azikwe na kadi yake. Chama chenyewe kilikuwa Nguzo, chama cha watu wasiopenda kusogezewa viti. Rangi yake ilikuwa zambarau. Baba yake alikuwa mwanachama mpaka pumzi ya mwisho. Kaka yake, mtu mzima mwenye tumbo lake na fimbo yake, alikuwa mwenyekiti wa tawi. Na yeye mwenyewe alishona sare za tawi tangu enzi za cherehani ya mkono, akiwa na hakika kabisa kwamba siku atakapoweka alama kwenye chama kingine, mkono wake utapooza palepale.

Jirani yake kwenye baraza alikuwa msusi, mwanamke kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole vyake, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kweli. Msusi alikuwa mtu wa Feni, chama cha upinzani kilichoahidi kupuliza vumbi lote nchini. Wawili hao walichangia baraza moja, birika moja na ugomvi mmoja usiokwisha. Asubuhi walibishana siasa, mchana walikopeshana sindano, jioni walifunga milango pamoja na kuagana kama mtu na mwanawe.

Chama cha tatu kilikuwapo, lakini watu walikitaja kwa kicheko. Kiliitwa Kijiko, na katika kata ile kilikuwa na mtu mmoja tu, fundi miavuli. Kila uchaguzi mzee huyo aligombea udiwani kwa ahadi ileile moja, kwamba atafungua choo cha soko. Choo hicho kilizinduliwa kwa hotuba na utepe, kikapigwa kufuli ili kisichafuliwe kabla ya wageni kuondoka, na kufuli likasahauliwa pale mpaka likashika kutu. Mzee alipita mitaani na baiskeli yake akigonga kengele na kueleza habari za choo. Watu walimpa maji ya kunywa, wakamtakia heri, wakaenda kuwapigia kura wengine.

Mwaka huo wa uchaguzi, tawi la Nguzo lilikutana kuchagua mgombea wake. Wakamchagua mkunga mstaafu, mama mtulivu aliyekuwa amewapokea duniani nusu ya wapiga kura wenyewe. Watu walipiga makofi, wakanywa soda, wakaenda kulala na furaha. Wiki haikupita, makao makuu wakaleta jina jingine.

Jina lilikuwa la kijana mwenye fedha ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Manukato, kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake na kuondoka baada yake. Tatizo halikuwa ujana wala manukato. Tatizo ni kwamba uchaguzi uliopita kijana huyohuyo alisimama juu ya lori la Feni, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba Nguzo imeliwa na mchwa mpaka ndani. Mama Pindo alikuwa anapita na vitambaa vyake kichwani siku ile. Alisikia kila neno.

Sasa kaka yake ndiye aliyemleta dukani apimwe koti la zambarau la kampeni. Mwenyekiti aliketi kwenye kiti cha wateja, fimbo katikati ya magoti, akawa anatazama ukutani kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari wa meno. Bwana Manukato alitaka koti la kubana, lenye bega kali na bitana ya kung'aa. Mama Pindo alimzungushia utepe kifuani bila kusema mengi. Mdomo wake ulikuwa umeshika pini, na pini hizo zilimwokoa na maneno mengi.

"Wewe mama hata sikuombi kura," mgombea alisema akijitazama kwenye kioo. "Yako ninayo mfukoni tayari."

Mama Pindo akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Mfuko upi, mwanangu?"

Bwana Manukato akacheka, akajipigapiga kifua upande wa kushoto, mahali ambapo mfuko ungekaa. "Huu hapa. Watu kama nyinyi mtakwenda wapi? Feni hamuwezi. Kubaki nyumbani pia hamuwezi, mnapenda foleni. Nyinyi ni wetu tu."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko kisichotikisa tumbo. Mama Pindo akarudisha pini mdomoni na kumpima mgombea mkono.

Walipobaki wawili, dada na kaka waligombana kama walivyokuwa hawajagombana tangu msiba wa baba yao. Kaka alisema chama ni nyumba, na paa likivuja mtu hahamii kwa jirani. Dada akasema hakuna aliyezungumzia kuhama, lakini paa likivuja mtu hupiga kelele mpaka mwenye nyumba asikie, na hawa wenye nyumba walikuwa wamelala fofofo. Kaka akasema nidhamu. Dada akauliza nidhamu hiyo mbona inateremka tu, haipandi. Kaka akachukua fimbo yake na kuondoka bila kumaliza chai, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuvunja sahani.

Koti lilitoka zuri kupita kiasi. Mama Pindo hakuwahi kuharibu nguo kwa makusudi, na hakuanza na hiyo. Bega lilikaa, bitana iling'aa, na kifuani upande wa kushoto palikuwa na mfuko mzuri wenye ukingo wa hariri. Ila mfuko huo ulikuwa wa bandia. Ulikuwa ukingo tu, umeshonewa juu ya kitambaa, hauna tundu wala tumbo.

Siku ya uzinduzi wa kampeni, Bwana Manukato alimaliza hotuba yake kwa sauti kubwa, akakunja karatasi kwa madaha na kuitia mfukoni. Haikuingia. Akajaribu tena. Akainama kidogo na kupapasa kifua kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta moyo wake na kuukosa. Watoto waliokaa mbele ndio walioanza kucheka, na kicheko kikarudi nyuma safu kwa safu mpaka kwa akina mama wenye sare. Kesho yake alikuja dukani na uso mkali. Mama Pindo akamweleza kwa upole kwamba mfuko wa kweli huvimba na kuharibu umbo la kifua, na kwamba waheshimiwa wa kisasa hawaweki kitu kifuani. Bwana Manukato alifikiri kidogo, akajitazama kwenye kioo, akashukuru.

Nyuma ya pazia la dukani, msusi alikuwa amejiziba mdomo kwa kitana.

"Mama, njoo kwetu," alimwambia baadaye. "Kura moja tu. Sitamwambia mtu."

"Mkono wangu bado nauhitaji," Mama Pindo alijibu.

Lakini alikuwa anafikiri. Muuza nyama, mwanachama wa miaka mingi, alikuwa amemnong'oneza kwamba siku ya kura atalala mpaka jua lizame. Mama Pindo hakuweza hilo. Hakuwahi kukosa kupiga kura, na kama angeanza sasa, mtaa ungesema ameugua. Kuharibu karatasi nako kulimkera kama fundi. Feni alishaikataa. Jibu lilimjia akiwa anatunga uzi kwenye sindano, likamfanya akose tundu mara mbili. Alikumbuka kengele ya baiskeli na choo cha soko. Kura kwa Kijiko ni kama jiwe dogo kwenye bwawa: litasikika chubwi, na hakuna atakayeumia. Mgombea wa Nguzo atashinda kama kawaida, lakini atakosa kura moja, ileile aliyojipigia kifua kuwa anayo. Mama Pindo akacheka peke yake mpaka mteja aliyekuwa anasubiri kaptura akamuuliza kama yuko salama.

Siku ya kupiga kura alivaa zambarau kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Alitaka aonekane. Kituo kilikuwa darasa la watoto wadogo, na wapiga kura watu wazima walipita katikati ya viti vilivyowafika chini ya magoti. Mwenyekiti alikuwa amesimama nje ya lango, mbali kama sheria inavyotaka, akimpa mkono kila aliyepita. Walikuwa hawajasemeshana tangu ile chai. Wakasalimiana kama watu wa msibani.

Ndani ya kibanda cha kadibodi, Mama Pindo alifunua karatasi. Nguzo ilikuwa juu kabisa, imesimama wima kama baba yake kwenye picha ya sebuleni. Kijiko kilikuwa chini pembeni, kidogo, kama kilichoanguka kutoka mezani.

"Baba," alinong'ona, "tazama pembeni kidogo."

Akaweka alama. Akasubiri. Akakunja vidole, akavikunjua. Mkono ulikuwa mzima. Jambo hilo lilimfurahisha, na pia likamuudhi kidogo, kwa miaka yote aliyouogopea.

Alitoka anatembea kama mtu aliyeficha kuku ndani ya gauni. Kaka yake alimtazama kutoka langoni mpaka alipofika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Salama?"

"Kama kawaida," alisema, akapita haraka.

Kesho yake alasiri watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule kusikiliza matokeo. Msimamizi, mwanamke mwenye sauti nyembamba, alisoma kura za Feni, na msusi akashusha mabega. Akasoma za Nguzo, na wanachama wakapiga makofi kwa mazoea kabla hawajasikia vizuri jinsi zilivyokuwa chache. Kisha akasoma za Kijiko. Akazisoma tena, kwa sababu yeye mwenyewe alidhani amekosea mstari. Kijiko kilikuwa kimeshinda, tena kwa mbali.

Hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyejua kushangilia Kijiko kunafanywaje. Mama Pindo alihisi damu inampanda masikioni. Akageuka taratibu kumtazama muuza nyama, na muuza nyama alikuwa anakagua viatu vyake. Akamtazama mkunga mstaafu, na mkunga alikuwa anafunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea. Uwanja mzima wa watu wa zambarau ulikuwa unatazama chini, juu au kando, na kila mmoja alikuwa anatamka neno lilelile, maajabu, maajabu. Ndipo alipoelewa kwamba siku ile kwenye bwawa lile palirushwa mawe madogo mengi, na kila mrushaji alidhani yuko peke yake.

Mshindi hakuwapo. Alikutwa sokoni, amekaa juu ya ndoo, anarekebisha mwavuli wa mteja. Walipomwambia, aliomba warudie. Waliporudia, aliuliza kama mtu anaruhusiwa kukataa.

Hakukataa. Alikwenda kuapishwa amevaa shati la mkwewe, na wiki ileile akavunja kufuli la choo kwa nyundo yake mwenyewe mbele ya watu. Walidhani atarudi kwenye miavuli yake, kwa kuwa ahadi zimekwisha. Badala yake alionja utamu wa kuvunja kufuli, akaanza kuuliza habari za taa za barabarani, mtaro, na zahanati isiyo na mlango. Watu wa Nguzo walifurahi kimoyomoyo na kulalamika hadharani.

Makao makuu hawakufurahi hata kimoyomoyo. Waliwatuma maofisa wawili, waliokuja na gari refu na nyuso fupi. Ukumbi wa tawi ulijaa. Ofisa mkubwa, mtu mwenye miwani ya dhahabu, alisema tawi limeoza, kuna wasaliti, na kila mwanachama asimame aape kwamba kura yake aliiweka kwenye Nguzo. Wakasimama mmoja mmoja. Muuza nyama aliapa kwa visu vyake. Mkunga aliapa kwa watoto aliowapokea, bila kusema ni wangapi. Kadiri kiapo kilivyokuwa kirefu, ndivyo Mama Pindo alivyozidi kuwa na hakika kura ya mwapaji ilikwenda wapi.

Kabla zamu yake haijafika, ofisa alisema hata hivyo mwenye kosa la kwanza ni mwenyekiti, na kwamba barua ya kumvua uongozi imeshaandikwa. Kaka yake akasimama. Hakujitetea. Alisema tawi ni lake na aibu ni yake. Akailaza fimbo yake mezani mbele ya ofisa, na Mama Pindo, aliyemjua tangu wakigombania godoro moja, hakuwahi kumwona akiiachia fimbo ile mbele za watu.

Akasimama bila kuitwa.

"Mimi nilimpa Kijiko," alisema. "Kaka yangu mwacheni."

Vichwa vyote ukumbini vikamgeukia. Ofisa mkubwa akavua miwani, akamtazama kila mtu machoni, kisha akaanza kupiga makofi polepole.

Aliwauliza wote kama wameona. Aliwaambia huo ndio uanachama waliokuwa nao wazee, mama mtu mzima yuko tayari kujipaka matope mbele za watu ili kumwokoa kiongozi wake.

"Si matope, mheshimiwa," Mama Pindo alisema. "Ni kura. Niliweka alama pembeni kule chini, kwenye kijiko."

Wakacheka kwa upendo. Alivyozidi kueleza, ndivyo walivyozidi kuguswa. Mtu mwenye zambarau mpaka soksi, mshonaji wa sare za tawi zima, nani angemwamini? Waliopiga makofi kwa nguvu zaidi ni muuza nyama na wenzake. Ofisa aliichana barua ya mwenyekiti palepale, akatangaza kuundwa kwa kamati ya kuwasaka wasaliti. Mwenyekiti wa kamati atakuwa mama huyu. Katibu wake, kaka yake.

Kikao cha kwanza kilifanyika dukani, Jumamosi alasiri. Kaka alikuja na kalamu mpya. Msusi alichemsha maji, akaketi mlangoni kwake akisikiliza waziwazi. Kaka aliandika tarehe juu ya karatasi. Kisha akasema alijua tangu siku ya kura. Alimwona akitoka kituoni, na mara ya mwisho kumwona akitembea hivyo ni utotoni, alipoiba sukari ya wageni.

"Mbona hukunisema, kaka?"

Kaka alizungusha fimbo yake sakafuni. "Ningekusema kwa mdomo upi? Mimi niliweka alama kwenye Nguzo. Chama ni chama, sikuweza vingine. Lakini nilipokuwa naikunja ile karatasi niliomba dua, mdogo wangu. Niliomba yule kijana aanguke vibaya."

Mama Pindo alimtazama, tumbo lake, fimbo yake, uso wake wa mtu aliyeshikwa. Akaanza kucheka, na kaka naye akacheka, safari hii tumbo likatikisika mpaka kiti cha wateja kikalalamika. Alipopata pumzi, dada alimwambia basi yeye ndiye msaliti mkubwa kuliko wote, kwa sababu wengine walitumia kura moja moja, na yeye alikwenda moja kwa moja juu.

Habari za kamati zilienea. Muuza nyama alipita na maini, akisema yalibaki. Mkunga alileta maandazi. Mwanachama mmoja aliyekuwa hajawahi kusalimia alikuja kutengeneza mlango wa duka bila kuombwa. Hakuna aliyeulizwa swali, na kila mmoja aliondoka amepunguza mzigo. Kamati ilikutana kila Jumamosi, na haikuwahi kula vizuri namna ile.

Makao makuu walipopiga simu kutaka taarifa, katibu alijibu kwamba uchunguzi unaendelea. Walipopiga tena, wakali, alisema uchunguzi umempata msaliti mmoja, wa uhakika, mwenye ushahidi usiopingika. Mama Pindo aliacha kukanyaga cherehani. Kaka yake akaendelea kwa sauti ya heshima kubwa. Alisema msaliti huyo alirudi Feni wiki hiyo, mchana kweupe, akapanda juu ya lori na kutangaza kwamba Nguzo imeliwa na mchwa mpaka ndani. Wanaomfahamu wanamwita Bwana Manukato. Waliomleta, kamati ingependa kuambiwa, ni akina nani?

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa. Kisha sauti ikauliza, kwa upole ambao tawi lile halikuwahi kuusikia kutoka huko, kama wanachama wangependa kupendekeza jina la mgombea safari ijayo.

Kaka akafunika simu kwa kiganja na kumgeukia mwenyekiti wa kamati. Mama Pindo alikuwa anakata kipande cha andazi.

"Waambie wapige tena baadaye," alisema. "Tuko kikaoni."